Mji Uliotengeneza Baiskeli Zetu

Mwalimu wa jiografia alitugawia miji ya viwanda kama anavyogawa viboko: kila mtu na wake, na hakuna kuuliza. Wenzangu wa mbele walipata miji ambayo hata mama yangu ameisikia redioni. Mimi nilipata Ludhiana. Niliandika jina hilo kiganjani kwa sababu niliona haya kumwomba arudie, na nilipofika nyumbani Katubuka, Kigoma, jasho lilikuwa limekula herufi za mwisho.

Kitabu cha shule kilikuwa na sentensi mbili tu juu yake. Iko Punjab, kaskazini mwa India, na watu wake wanasema Kipunjabi. Inatengeneza nguo za sufu na baiskeli. Basi. Kwa sentensi hizo mbili nilitakiwa nisimame mbele ya kidato cha tatu kizima niueleze mji kwa Kiingereza mpaka kengele ilie. Mimi, ambaye darasani waliniita Bubu, na mwalimu mwenyewe alizoea kuniruka akiuliza maswali, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Mwaka ule watu walikuwa wanavuka ziwa. Vita ilikuwa imeshuka mpaka ng'ambo, na asubuhi boti zilifika ufukwe wa Katonga zimejaa hadi maji yanachungulia ndani. Nyingine hazikufika, zilifika maiti zake. Nilimwona mmoja, mwanamke, kanga ya kubebea mtoto bado imefungwa mgongoni na ndani hamna kitu. Wauza dagaa walihamia mchanga wa pembeni wakaendelea kuanika. Sikuona aliyecheka. Lakini aliyeacha kazi pia sikumwona.

Kaka yangu alifika na boti mojawapo. Ni mtoto wa mjomba, lakini kwetu huyo ni kaka, hatuna neno lingine. Serikali ilitaka wote waliovuka wapelekwe kambini. Mama alikataa.

"Mtoto wa kaka yangu akalale chini ya turubai wakati mimi nina bati?" alisema, na mjadala ukaisha.

Alimpa kaka baiskeli ya kijani ya marehemu baba, naye akaanza kubeba mawese kutoka Ujiji kwenda kuuza kwenye masoko ya njiani. Alikuwa kijana mkubwa, mwenye mabega, mcheshi. Shida yake ilikuwa mdomo. Ukoo wetu ni wa Ujiji, na wazee wetu walitoka hukohuko ng'ambo, lakini lugha yetu imeshakuwa ya huku. Yeye alikuwa anasema "batu" na "bintu" mahali pa watu na vitu, na mwaka ule ukisema "batu" mbele ya mgambo unapigwa virungu papo hapo na kupakiwa kwenye lori. Kwa hiyo kila alipokwenda mahali pa kuongea na watu, mama alinituma nifuatane naye niwe mdomo wake. Fikiria. Mimi.

Ndivyo tulivyofika siku ile kwa fundi wa baiskeli. Ringi ya nyuma ilikuwa imejikunja chini ya madumu ya mawese, imekaa kama yai. Fundi alikuwa Singasinga mzee, wa kilemba na ndevu nyeupe, aliyekuja Kigoma ujanani kufanya kazi kwenye karakana ya reli na hakuondoka tena. Kibaraza chake kilikuwa kando ya barabara inayotoka mjini kwenda Ujiji. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Watoto walimwita Singa, mama alitukanya, akataka tumwite Mzee.

Nilimsalimia kwa sauti ya chini hivi, "Shikamoo Mzee," nikaonyesha gurudumu. Ile kuinama, nikaona bamba dogo la shaba kwenye fremu iliyoning'inia ukutani. Nililisoma kwa sauti bila kutaka.

"Ludhiana."

Fundi akaacha kazi. "Umesema nini?"

Nikaondoa kidole kwenye bamba.

"Sema tena, binti. Hapana kuogopa."

"Ludhiana."

"Haya," alisema, akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Miaka yote iko hapa, hakuna mtu amesoma hiyo bamba. Hiyo ni kwetu."

Nilimweleza habari ya mwalimu. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa sababu alikuwa anaangalia ringi, haniangalii mimi. Akasema atanieleza mji wote, ila kwa sharti moja: yeye hawezi kuongea na mtu aliyekaa bure. Akanipa spana na gurudumu la mtu nilifungue. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shule nilipita kwake, na Ludhiana iliniingia kupitia mikono iliyojaa girisi.

Aliniambia kwamba watu wanafikiri mji wa viwanda ni dohani kubwa na geti. Kwao sivyo. Nyumba yenyewe ndiyo kiwanda: chumba cha mbele mashine, chumba cha nyuma mke anasukuma chapati, na ukuta unatikisika mchana kutwa. Kuna mtaa wanaotengeneza kengele tu, mtaa wa spoku tu, mtaa wa pedeli, mtaa wa minyororo. Anayezaliwa mtaa wa kengele anakufa anagonga kengele.

"Hakuna mtu Ludhiana ametengeneza baiskeli nzima," alisema. "Hata mmoja."

"Sasa nani anaitengeneza?"

"Mji. Huyu ametoa nati, yule ametoa ringi, hawajuani, pengine wanachukiana. Lakini lazima vipimo viwe sawa. Gurudumu la yule likikataa fremu ya huyu, wote watalala njaa. Ndiyo maana chukua gurudumu lolote la kule, tia kwenye fremu yoyote, linaingia."

Mashine za kukandamiza bati zilikula vidole. Alisema mtu wa kule anaweza kukupa mkono gizani ukajua anatoka mtaa gani kwa kidole kinachokosekana. Vyake viwili vilibaki chini ya mashine ya madigadi. Bwana mwenye mashine alimpiga kofi kwanza kwa kuchafua bati kwa damu, ndipo akamtafutia kitambaa. Vibarua wanakuja na treni kutoka majimbo maskini ya mashariki, wanalala kwa zamu kwenye mkeka mmoja pembeni ya mashine, anayeamka anampisha anayelala. Mto mkubwa ulikwishauhama mji zamani ukaacha kijito, na kwenye kijito hicho viwanda vya sufu vinamwaga rangi. Wakipaka sweta nyekundu, maji mekundu. Wakipaka buluu, maji ya buluu. Mwisho zikachanganyika, kijito kikawa cheusi moja kwa moja na nyati wao wa kufugwa wakinywa wanatupa mimba. Katikati ya mji kuna mnara wa saa, na soko jembamba linaanzia miguuni pake. Wakati wa baridi ukungu unakuwa mzito, waendesha baiskeli wanapiga kengele njia nzima wasigongane, na asubuhi wanaokotwa watu waliolala nje wamekauka. Ukitoka nje ya mji ni ngano, ngano, ngano.

Nilimuuliza kama alizaliwa hapo.

"Hapana. Mimi nilikwenda mkimbizi." Aliitaja kama kitu cha kawaida, akizungusha gurudumu kuangalia linapopinda. "Nchi ilikatwa katikati kama mkate. Kijiji chetu kikabaki upande usio wetu. Usiku ule majirani, watu tuliokula nao, walikuja na mapanga. Wazee wetu waliamua wanawake wasishikwe. Kulikuwa na kisima. Dada yangu alikuwa na umri wako. Baba alimwambia ruka, akaruka. Waliporuka wengi, kisima kikajaa, wa mwisho hawakufa maana maji hawakuyafikia."

Nikaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Tukafika Ludhiana kwa miguu. Serikali ikatupa nyumba. Ya mhunzi, Mwislamu. Watu wa upande wetu walikuwa wamewafanyia wao yaleyale, unaelewa? Yaleyale. Jikoni majivu yalikuwa bado ya moto. Baba alianza kutengeneza spoku kwa nyundo ya yule mtu." Alinitazama na kitambaa changu cha kichwani. "Nyundo ilikuwa nzuri sana," alisema.

Siku nyingine, nikiwa hapohapo, alikuja mchuuzi wa dagaa wa Katonga. Kila mtu alimjua kwa gurudumu lake la nyuma. Nduguye alikuwa amempakia ringi rangi ya buluu iliyobaki kwenye boti yake, na mchuuzi akipita unaona duara la buluu linazunguka. Siku ile alikuwa ameligonga kwenye jiwe. Hakuwa na subira, akataka jipya afungiwe palepale, na lile la zamani alimwachia fundi kama sehemu ya malipo. Fundi alisema atalinyoosha amfungie kaka yangu, ambaye ringi yake ilikuwa imejikunja tena na alikuwa amekaa kwenye tofali akisubiri.

"Mpe, mpe," alisema mchuuzi. "Mkimbizi naye apate cha kukimbilia."

Kaka akacheka, na mimi nikacheka. Utani wake haukuwa na ubaya. Kabla hajaondoka alilipiga kofi gurudumu lake la zamani kama mtu anavyompiga kofi la shavu mtoto wa jirani. "Usimwangushe mgeni," aliliambia.

Zamu yangu darasani ilifika wiki iliyofuata. Nilijua mtaa wa kengele, nilijua kijito, nilijua vidole. Nilisimama. Vyote vilikuwa kichwani kwa Kiswahili, na mbele yangu zile sura zinasubiri Kiingereza. Nikasema jina la mji. Nikalisema tena. Mtu wa nyuma akanong'ona, "Bubu amekwama gia," darasa likaangua kicheko, na mwalimu akaniambia nishike ukuta. Alinichapa mpaka fimbo ikapasuka ncha. Uchungu sikuuhesabu sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na mji mzima mdomoni na nikaumeza.

Kisha mchuuzi wa dagaa akauawa. Siku zile kulikuwa na bunduki nyingi porini, zilivuka ziwa kama watu walivyovuka, na barabara ya Simbo ilikuwa na watu wanaojificha kwenye mihogo. Walimkuta ametupwa mtaroni, amekatwa shingo, dagaa wamemwagika juu yake na kuku wa watu wanadonoa. Baiskeli haikuonekana. Mjini watu walisema neno moja tu: wakimbizi. Wengine walisema kwa sauti mbele ya nyumba yetu. Kaka alikaa ndani siku kadhaa, lakini mawese yalikuwa yameshanunuliwa na dumu lilikuwa linavuja, na mama akamwambia haya, nenda Ujiji tu, usiende mbali.

Ndugu wa marehemu hakuwepo mwenzake alipouawa. Alikuwa miezi mingi kwenye kambi ya uvuvi huko kusini, hakujua lolote kuhusu gurudumu kubadilishwa. Alikuja kuzika. Na siku ya tatu ya matanga, akiwa anatoka sokoni, aliona duara la buluu linampita barabarani. Rangi ya boti yake mwenyewe.

Alipiga yowe. Waha wanaiita induru, na kwetu ikilia hakuna mwanamume anayeruhusiwa kubaki nyumbani. Unatoka na ulicho nacho mkononi. Halafu kuna sheria nyingine ambayo haisemwi: ukifika, lazima uguse. Hata ngumi moja, hata kokoto. Kila mmoja akigusa, kesho hakuna shahidi.

Mimi nilikuwa natoka shule. Niliona watu wanakimbia, nikadhani moto. Nikasogea na wenzangu, na kupitia katikati ya miguu ya watu niliona kwanza baiskeli ya kijani ya baba imelala ubavu, dumu limepasuka, mawese mekundu yanatambaa kwenye mchanga. Nilidhani yote ni mawese. Halafu nikaona sehemu ya yale mekundu inatoka kwenye kichwa cha kaka.

Alikuwa amekaa. Amekaa, mikono imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli yake mwenyewe. Jicho moja halikuonekana, mahali pake palikuwa kama nyama ya kusaga. Alikuwa anasema kitu kilekile tena na tena, akiwaita baba zake, "Minaomba, batata, minaomba," na kila aliposema hivyo walimpiga zaidi, maana kila neno lilimtaja anakotoka.

"Msikilizeni! Msikilizeni anavyosema!"

"Ulimkata na nini? Eh? Ulimkata na nini?"

Kijana mmoja alimpiga na ubao wenye msumari. Nilisikia ule mlio, wa kavu na wa maji kwa pamoja. Jirani yetu, mama ambaye tunachota naye bomba moja, alikuwa amesimama karibu yangu. Aliniona na sare yangu, wala hakunitambua, au alinitambua akafikiri ni njia ya kuniokoa. Akanitia jiwe mkononi.

"Gusa, mwanangu," alisema kwa upole. "Gusa uondoke."

Jiwe lilikuwa la moto kwa jua. Nililishika.

Halafu pakatulia. Si kwamba walimhurumia, la. Ndugu wa marehemu alikuwa amemtuma mtu petroli, na walikuwa wanasubiri. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna muda wa kusubiri katika mambo hayo. Watu walipumzika. Mmoja alijifuta jasho kwa fulana, mwingine alimwomba mwenzake moto wa sigara. Wanaume wawili walianza kubishana kuhusu mpira wa Jumapili.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Nilitaka kusema huyo ni kaka yangu, gurudumu alilitoa marehemu mwenyewe, mimi nilikuwepo. Hewa ikatoka bila neno, kama darasani, kama siku zote. Nilisikia hata mwenzangu wa shule akisema, "Huyu ana nini?"

Nikadondosha jiwe. Nikaenda kwenye baiskeli ya baba, nikaigeuza juu chini, nikatoa spana kwenye mkoba ulio chini ya kiti, nikaanza kufungua gurudumu la nyuma.

Sikupanga. Mikono ndiyo ilijua. Nati ya kushoto, nati ya kulia, mnyororo pembeni. Mawese yalikuwa yameingia kila mahali, spana inateleza.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Anaiba vipuri huyo! Maiti haijapoa!"

Wengine wakacheka. Mtu anayecheka hapigi, hilo nililiona kwa pembe ya jicho. Gurudumu la buluu likatoka. Nikalibeba mpaka ukutani, mahali ambapo watu waliokuja na baiskeli walikuwa wameziegemeza ili wakapige. Nikachukua ya kwanza, nyeusi, nikaigeuza, nikafungua gurudumu lake la nyuma. Sasa walikuwa wananizunguka. Hakuna aliyenigusa. Nadhani ilikuwa ni ajabu mno, msichana wa sekondari, soksi nyeupe zimejaa mafuta, anafungua baiskeli ya mtu katikati ya mauaji.

Nikatia gurudumu la buluu kwenye fremu nyeusi. Liliingia kama lilizaliwa humo. Nikarudisha mnyororo, nikakaza nati, nikaisimamisha baiskeli, nikazungusha pedeli kwa mkono. Duara la buluu likazunguka.

Mwenye baiskeli akapenya mbele, ana gongo mkononi, gongo lenye damu. "Wee! Acha baiskeli yangu! Toa hilo dude!"

Hapo ndipo mtu mmoja, simjui ni nani mpaka leo, akasema nyuma yangu, "Aa, kumbe wewe ndiye uliyeua!"

Ilikuwa mzaha. Watu walicheka. Lakini yule mwenye baiskeli hakucheka. Aliangalia gurudumu, akaangalia sura za watu waliokuwa wanamwangalia yeye, akarudi nyuma hatua moja. "Jamani," alisema, "jamani, mmemwona mtoto mwenyewe analitia." Na sauti yake ilikuwa ileile ya kaka yangu. Ileile.

Kicheko kikafa. Nikapata neno moja hatimaye, nalo lilikuwa dogo. "Linaingia baiskeli yoyote," nilisema.

"Mtoto anafundisha!" alipiga kelele ndugu wa marehemu. "Ndugu yangu yuko kaburini, huyu anatufundisha! Gurudumu ni langu, rangi ni yangu, nimeipaka kwa mkono huu!"

"Ni yako," ilisema sauti nyingine. "Na nduguyo alinipa mimi kwa mkono wake."

Fundi alikuwa amefika, anahema, kilemba kimekaa upande. Induru imelia mpaka kwake. Alisema mbele ya watu wote alivyolipokea lile gurudumu, alivyolinyoosha, alivyomfungia kijana huyu, na kwamba marehemu aliondoka kwake na gurudumu jipya jeupe, nendeni mkatafute hilo jeupe. Nduguye alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua fimbo akampiga nayo kichwani.

Kilemba kilifunguka. Kitambaa kirefu kikaanguka, na nywele za mzee zikamwagika mabegani, kifuani, nyeupe tupu, ndefu mpaka kiunoni. Damu ikapita katikati yake. Hakuna mtu Kigoma aliyewahi kuziona. Hakujifunika. Alisimama tu hivyo, na sijui kwa nini wale waliokuwa wamempiga kaka usoni kwa ubao waliinamisha macho mbele ya nywele za mzee. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu." Mzee mmoja akaokota kitambaa akaanza kukikunja, akakikunja vibaya, akakikunja tena.

Ndugu wa marehemu akakaa chini kwenye mawese akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, akimwita nduguye.

Yule aliyetumwa petroli akafika mbio, kopo mkononi, jasho linamtoka. "Yuko wapi?" aliuliza. Akauliza tena. Watu walikuwa wameanza kuchukua baiskeli zao, na mwenye ile nyeusi aliiacha hapohapo, akaondoka kwa miguu.

Nilikata mpira kwenye mikono ya kaka kwa meno. Mgambo walikuja baadaye, wakati tumeshamlaza kwenye mkokoteni. Walimkamata yeye. Kosa: kukaa nje ya kambi bila kibali. Askari aliyemlinda hospitali alikuwa mwema, alitusaidia kumgeuza, lakini pingu hakuitoa, ilifungwa kwenye chuma cha kitanda.

Jicho halikupona. Taya ilipona vibaya, na "batu" yake sasa inatoka na upepo. Mama alizunguka ofisi zote akiomba aachwe nyumbani. Kaka mwenyewe ndiye aliyesema basi.

"Shangazi, nitakwenda kambini," alisema.

"Mwanangu, walishajua kosa lao. Hawatakugusa tena."

"Minajua. Lakini nikitembea hapa, kila mutu akinisalimia nitaangalia mikono yake."

Mama akaanza kumkunjia nguo zake. Nami niliyekuwa mdomo wa kaka nikamshikia mfuko.

Fundi alishonwa kichwani na alifungua kibaraza wiki hiyohiyo. Nilipita kwake. Alinipa gurudumu, nikalifungua.

Lori la kupeleka watu kambini lilisimama karibu na soko, asubuhi, limejaa familia zilizookotwa nyumba kwa nyumba. Kaka alikaa nyuma kabisa, jicho limefungwa bandeji, jingine bado limevimba kiasi kwamba anaona vivuli tu. Tulimletea blanketi na sufuria. Tukiwa hapo, nikamwona jirani yetu anakuja, yule wa bomba moja, amebeba kitu kwenye jani la mgomba. Muhogo wa kuchemsha na samaki mgebuka wa kukaanga, bado wa moto. Hakunitazama. Alinyoosha mikono yote miwili mpaka kwenye ubao wa lori.

"Pole, mwanangu," alisema. "Njia ni ndefu. Kula."

Mama alimshukuru. Kaka alipapasa hewani mpaka akalipata lile jani, akalipokea naye kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kwao, akainamisha kichwa.

"Aksanti, mama."

Yule mama akageuka akaenda zake haraka, mtandio umefunika mdomo. Kaka alimega muhogo, akautafuna taratibu kwa upande wa taya ulio mzima. Kisha akanigusa mkono.

"Ule mama ni nani?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Watu walikuwa wanaagana kwa kelele, ningeweza kujifanya sikusikia. Nilimwangalia anavyokula, nikaangalia samaki jinsi alivyokaangwa vizuri, ametiwa ndimu.

"Jirani," nilimwambia.

"Jirani muzuri," alisema kaka, na lori likaondoka.